Uzi Unaotoka Nje

Mpima alikuja Jumatano, si Jumatatu aliyoahidi,
buti zake zina tope la Nyegezi,
mfukoni ana uzi wa mwashi, mwekundu.
Minza Lushinge. Chai hakutaka.
Akauliza pembe ngapi. Kaka yangu Buyegi akasema nne.
Mimi nikasema tano.
Tukazihesabu kwa miguu: ziko sita.

Ya sita imejificha nyuma ya jiwe.
Igogo huchagui kiwanja, jiwe hukuchagulia.
Hili lilikuwepo kabla ya babu, limekaa
kama mgeni aliyenyimwa kiti akakaa pajani mwetu.
Baba aliliwashia moto wa matairi siku mbili;
likatoa ufa mmoja, wa kucheka.

"Shika ncha hii. Simama popote, mradi ndani ya kwenu."
Nikasimama mlangoni mwa choo.
Buyegi akaenda na ncha ya pili hadi kwenye mpapai wake.
"Vuteni."
Uzi ukakaza, ukanong'ona kwa upepo wa ziwani,
ukatoka kwetu,
ukaruka mgongo wa jiwe,
ukavuka jiko la Nyanzobe, jirani,
juu kidogo ya sufuria la sato,
ukarudi kwetu.

"Kumbe nami nimo kwenye mirathi?" akauliza Nyanzobe.

Minza hakucheka. Akasema:
umbo mbinuko halina siri.
Teua nukta mbili zozote ndani yake, zivutie uzi,
uzi hautachungulia nje.
Mbonyeo, lazima uzi mmoja utoroke.
Elfu wakitulia nyumbani na mmoja akatoka,
huyo mmoja ndiye shahidi.

Buyegi ni fundi baiskeli, hakubali kushindwa na uzi.
Akachukua ubao, akapigilia misumari sita
kama ramani ilivyo,
akauzungushia mpira wa tairi la ndani.
Mpira ukakumbatia mitano, wa sita ukauruka.
"Ona! Hivi ndivyo baba alivyotaka kiwe!"
"Mpira wako," akasema Minza, "umemeza jiko la mtu."

Kisha akapima ile kona.
Tano zote ziko chini ya nyuzi mia na themanini.
Hii: mia mbili thelathini na moja.
Nikawaza, ndiyo maana tunapima pembe kwa nyuzi,
zikizidi, kitu kimetoka nje.

Nilipita kwa Nyanzobe kumwomba radhi.
Kwake jiwe ni kitambi.
Kwetu, jiwe lile lile, ni tumbo la njaa.
Mstari ni mmoja, inategemea umelala upande gani.

Ziwa nalo, usilione limetanda.
Vuta uzi toka mwalo wa Kirumba hadi Nyegezi:
utapita Bugando juu ya wagonjwa,
utapita mabati ya Mkuyuni,
maji huku, maji kule,
na uzi mkavu.

Sikutaka kulisema hili, ila limeshafika.
Tangu matanga ya baba, miezi saba,
mimi na Buyegi tunakaa boma moja.
Nikitaka jembe namwambia Nyanzobe.
Akitaka chumvi anamwambia Nyanzobe.
Wote tuko ndani,
na neno lililonyooka baina yetu
lazima lipite jikoni kwa watu.

Minza amechora kwa penseli:
anzia kona ya sita, kata hadi ukuta wa mbele,
vitabaki vipande viwili, vyote mbinuko.
Kila mtu ataona kwake kote.
Choo kwangu, mpapai kwake.
Hatujaweka sahihi.

Alikwenda kwenye pikipiki kuchukua mhuri,
akatuacha tumeshika uzi.
Jiwe kati yetu. Simwoni.
Uzi ukatikisika mara mbili,
kama tulivyokuwa tukiitana utotoni, tumejificha hapo hapo,
baba akituita na sisi kimya.
Nikavuta mara moja.

"Taratibu!" akapiga kelele Nyanzobe.
"Msinimwagie mchuzi."